Nyumba ya Theluji Imeota Kileo, Shangazi Je?

Wenye macho wanaikumbuka ile picha ya Januari mwaka jana. Dada kavaa koti jeupe la manyoya, miwani ya rangi ya chungwa imemfunika nusu uso, kasimama mbele ya nyumba ya mbao yenye paa lililochongoka kama kofia ya sherehe. Nyuma yake mlima mzima mweupe. Maneno chini ya picha yalikuwa machache: kijumba chetu kinakuja. Kibendera cha Uswisi, kopa jekundu, basi. Hakusema zaidi na hakuhitaji kusema zaidi. Mjini hapakulalika.

Jina limewekwa kapuni, ingawa kapu lenyewe lina matundu na kila mtu ameshachungulia. Waliompongeza walikuwa wengi, na waliosema "hiyo chai" walikuwa wengi vilevile. Kuna aliyeandika kwamba Mwafrika na theluji ni wapi na wapi. Hapo alichemka. Mkenya Philip Boit alishiriki mbio za kuteleza kwenye theluji katika Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998. Alifika wa mwisho kabisa, lakini bingwa wa siku ile, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimsubiri mstarini mpaka alipofika ili amkumbatie. Boit alipopata mtoto wa kiume akampa jina la Dæhlie. Kwa hiyo habari za nani anafaa kukaa kwenye theluji na nani hafai ziishie hapo.

Swali la maana liliulizwa na mtu mmoja asiye na hata picha ya wasifu: "Dada, huko majirani zako watakuwa kina nani?" Hakujibiwa. Watu walikuwa wamekazana kuuliza bei ya koti.

Ila jibu lipo, na walioishi huko walishalitoa zamani. Kile kijiji cha kwenye picha ni Zermatt. Ni moja ya sehemu chache sana kwenye milima ya Alps ambako watu wanateleza siku zote 365, kiangazi na masika, kwa sababu juu ya kijiji kuna barafu ya kudumu na kuna vibanda vya kebo vinavyowapandisha watu hadi mita 3,883. (Kibo yetu ina mita 5,895, kwa wanaopenda kulinganisha, ila huku unapanda kwa miguu yako.) Magari ya petroli hayaingii, watu wanafika kwa treni. Pazuri, hakuna ubishi. Shida ni kwamba pazuri pa namna ile pananunuliwa na watu wasiokaa. Mtu ana nyumba nzima, anakuja wiki mbili, anapiga picha, anafunga madirisha, anaondoka. Wenyeji wa milima ile wana jina la hali hiyo: vitanda baridi. Mwalimu wa shule ya pale au mpishi wa hoteli anatafuta chumba cha kupanga hapati, na akipata ni kwa bei ya kumtoa machozi, huku nyumba za likizo ziko giza toka mwezi wa nne hadi wa kumi na mbili.

Waswisi wakabana. Kuna sheria yao ya mwaka 1983, watu wanaiita Lex Koller, inayomzuia mgeni asiye mkazi kujinunulia nyumba kama ananunua viatu. Vibali vya nyumba za likizo kwa wageni ni 1,500 tu kwa mwaka kwa nchi nzima. Halafu Machi 2012 wananchi wenyewe wakapiga kura kwamba nyumba za watu wasiokaa zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika eneo la kila serikali ya mtaa. Ilipita kwa tabu, asilimia 50.6, lakini ilipita. Na hii ni nchi ya mabenki, inayojua hela ya mgeni ina ladha gani.

Basi kijumba hakikuja. Kama kilichogoma ni kibali au ni mkwanja, hilo analijua yeye na shemeji yetu wa magari. Kilichokuja ni Kileo.

Kwa wasiopajua: Kileo iko wilaya ya Mwanga, Kilimanjaro, kwenye tambarare chini ya milima ya Pare Kaskazini. Chini, siyo juu. Juu kule Usangi na Ugweno kuna baridi ya kweli, migomba, ukungu wa asubuhi, na mtu akijenga sehemu ya kuotea moto ndani ya nyumba anaeleweka. Kileo ni habari nyingine. Kileo jua linawaka, kuna vumbi, na kuna upepo wa mchana unaokausha nguo ya kwanza kabla hujaanika ya mwisho. Ndipo hapo ilipoota nyumba ya mbao na mawe, paa limechongoka vilevile kama la Zermatt, dohani imesimama pembeni, sebuleni kuna meko ya kuni ya kuotea moto. Paa la namna ile lilibuniwa ili theluji iteleze na kuanguka isije ikalemea nyumba. Pale kinachotua juu ya paa ni vumbi na kunguru. Watoto wa kijiji wameshaibatiza: Kwa Barafu.

Mitandaoni watu walicheka wiki nzima. Kuna aliyetengeneza klipu ya mtu aliyevaa koti la manyoya anauza barafu za ukwaju barabarani Mwanga. Inachekesha, hata yeye Dada aliilaiki.

Ila kicheko hicho kilifunika jambo, na kabla ya kulifikia, apewe haki yake. Baba yake Dada alizaliwa pale. Hakuokota sehemu kwenye ramani. Wenzake wengi wenye hela kama yake wanaizika Dubai, kwenye chumba cha ghorofa ya 40 ambacho mama zao hawatakuja kukiona. Yeye alirudi kwa babu yake. Kwa miezi kama saba kijiji kilikula: mafundi, waliopiga tofali, wenye malori ya mchanga, mama aliyekuwa akiwapikia mafundi kande mchana. Na asubuhi saa kumi na mbili, mawingu yakiwa hayajapanda, ukiwa uwanjani kwake unaiona Kibo na weupe wake kileleni. Theluji ya mwaka mzima ambayo haihitaji kibali cha Mswisi. Ingawa nayo inakwisha: kati ya mwaka 1912 na 2011 barafu ya Kilimanjaro ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80, kwa hiyo anayejenga leo kwa ajili ya kuiangalia anajenga kwa kuwahi.

Kwa hiyo tatizo siyo paa. Mtu akitaka ajenge pia jahazi katikati ya Kileo, hela ni yake na jasho la kuotea moto ni lake.

Tatizo lilionekana Mei, kwenye klipu ya kuchimba msingi. Ile yenye muziki, Dada kavaa helmeti ya njano, anacheza na mafundi. Klipu ya sekunde 40 hivi. Watu wa mjini, macho yao ni kama ya mwewe, wakaiona sekunde ya 22. Nyuma ya trekta kuna mahindi. Siyo mabua makavu, ni mahindi mabichi yaliyofika kifuani, mistari imenyooka, yamelimwa na mtu anayejua kulima. Trekta linapita katikati yake. Na pembeni, chini ya mgunga, kuna mama mtu mzima kajifunga kanga mbili, kashika jembe, kasimama anaangalia. Hachezi. Hapungi mkono.

Maswali yakaanza. "Huyo bibi ni nani?" "Mbona mahindi hayajavunwa?" Wengine wakajibu kwamba ni kibarua tu. Usiku akatokea mtu, akaandika sentensi moja: huyo ni shangazi yetu, na hilo ni shamba lake. Haikukaa saa moja, ikafutwa, halafu klipu nzima ikakatwa ikabaki ya sekunde 15. Lakini skrinishoti ni skrinishoti. Ilizunguka hadi kwenye magrupu ya ukoo.

Kinachosimuliwa na watu wa pale ni hiki, na hata upande wa Dada haukatai mambo makubwa, wanabishana kuhusu maana yake. Shamba lilikuwa la babu. Babu alifariki zamani, mirathi haikufunguliwa, hakuna msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Watoto wa kiume walionyeshana mipaka kwa mdomo, mti huu hadi mfereji ule. Baba yake Dada alikuwa mjini, hakurudi kudai chake mpaka naye akafariki. Shangazi alikuwa ameolewa, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani. Akamuuguza mama yake miaka, akamzika, akaendelea kulima kipande kile cha kando ya mfereji. Zaidi ya miaka 20. Ndicho kilichomlisha na ndicho kilichowasomesha watoto wake wawili. Halafu mwaka jana baba mdogo, ambaye ndiye aliyebaki mwanamume mkubwa wa ukoo, akamuuzia Dada. Kwa hela nzuri. Shangazi aliambiwa kwenye kikao cha familia, na kikao hicho kilifanyika baada ya hela kupokelewa.

Baba mdogo na wanaomtetea wana hoja moja: alipewa pa kulima, hakupewa shamba. Mtoto wa kike harithi ardhi ya ukoo, anahifadhiwa tu. Ndivyo ilivyokuwa toka enzi.

Hoja hii inatamkwa kwa kujiamini sana, na hasa na vijana, kitu ambacho kinashangaza, maana imeshapigwa chini tangu kabla wengi wao hawajazaliwa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu pale Mwanza ilisikiliza kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, kutoka Kagera. Ilikuwa ni kesi ya shangazi pia. Bi Holaria aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia. Mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani kusema mwanamke hana haki ya kuuza shamba la ukoo, mila hairuhusu. Jaji Mwalusanya akaipima mila hiyo dhidi ya Katiba, akaamua kwamba mwanamke ana haki juu ya ardhi ya ukoo kama aliyonayo mwanamume. Miaka 9 baadaye zikaja Sheria ya Ardhi, Na. 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, zote za mwaka 1999, na zote mbili zimeandika waziwazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Mila inayomnyima, kwa sheria ya vijiji, haina nguvu. Kwamba hukumu hizi zinajulikana Mwanza na Dodoma, na Kileo bado kikao cha wanaume wanne kinatosha, hiyo ndiyo habari yenyewe.

Na sheria hiyo hiyo ya vijiji haikumsahau mnunuzi kama Dada. Mtu asiye mkazi wa kijiji hawezi kununua shamba la kijijini kwa kukubaliana na muuzaji peke yake. Lazima halmashauri ya kijiji ikubali. Na katika kufikiria inatakiwa iangalie kama mauzo hayo yanamwondoa mwanamke kwenye ardhi anayoikalia, na kama yanamwondoa, ikatae. Soma tena hapo. Haikusema imwonee huruma. Imesema ikatae. Kwa maneno mengine, kile ambacho Waswisi walikipigia kura mwaka 2012, cha kijiji kuwa na sauti juu ya nani anakuja na anakuja kufanya nini, sisi tunacho kwenye vitabu toka 1999. Tofauti ni kwamba kule kikivunjwa nyumba haijengwi. Huku kuna karatasi ya mauziano, mashahidi wawili, muhuri wa mwenyekiti, soda, na watu wanapeana mikono.

Dada ni mfanyabiashara. Hili ndilo linaloudhi. Mkataba wa tangazo la mafuta ya nywele unapitiwa na mwanasheria mstari kwa mstari, mpaka urefu wa kope unaandikwa. Kwenye ardhi, ambayo itabaki baada ya kope zote kuanguka, alitosheka na neno la baba mdogo. Hakuuliza barua ya usimamizi wa mirathi iko wapi. Hakuuliza mihtasari ya halmashauri. Lakini tuyaache ya makaratasi, watu wengi makaratasi yanawapita pembeni. Alikwenda pale kuonyeshwa eneo, Machi, mahindi yakiwa yamechipua. Swali lilikuwa limesimama mbele yake kwa mistari iliyonyooka: haya mahindi ni ya nani? Ng'ombe akiingia kwenye mahindi ya mtu Upareni mwenye ng'ombe analipishwa. Trekta liliingia, likaonekana ni maendeleo.

Watetezi wake watasema alidanganywa na ndugu, na yeye ni mhanga. Inawezekana, Machi. Mei hapana. Mei mama yule alikuwa amesimama pale, na shangazi wa mtu unamjua hata akiwa amegeuka mgongo. Aliyeamua ile klipu ikatwe alijua anakata nini.

Sasa, kuna utani wa miaka mingi kwamba Mpare ukimwibia kuku atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kushtaki. Watu waliusubiri. Hashtagi zikatengenezwa, wengine wakajitolea mawakili. Shangazi akawakatisha tamaa wote, hakwenda kushtaki. Ana hiari ya kuanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye watu 7 ambao angalau 3 ni wanawake, au Baraza la Kata, ambalo siku hizi kazi yake ni kusuluhisha tu, na likishindwa kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Yote anayajua, ameshaambiwa. Anachosema, kwa wanaomtembelea, ni kwamba hawezi kumpeleka mtoto wa kaka yake mbele ya watu wamtazame. Mtoto aliyemlaza mgongoni alipokuwa anakuja likizo za shule. Amehamia chumba cha nyuma kwa mtoto wake wa pili, Kileo hapo hapo. Aliahidiwa "kitu" na baba mdogo. Hadi sasa ni ahadi.

Kuna wanaosema ukimya huo maana yake ameridhia. Watu hawa inaonekana hawana mashangazi.

Turudi kwa majirani, lile swali la Januari. Nyumba ilizinduliwa Desemba, kama nyumba nyingi za Upareni na Uchagani zinavyofunguliwa Desemba. Hili halikuanza na Dada. Ukipita Mwanga, Same, hadi Rombo, nusu ya fahari iliyojengwa inapumua mwezi mmoja kwa mwaka. Magari yanapanda, mbuzi wanachinjwa, nyama inachomwa, Januari geti linafungwa kufuli, anabaki mlinzi na redio. Treni ya abiria ya Dar hadi Moshi iliporudi Desemba 2019, baada ya miaka kama 25 ya kutokuwepo, ilijaza watu wa aina hiyo, na hakuna ubaya, mtu anatakiwa arudi kwao. Lakini hakuna anayeviita vitanda hivi baridi, kwa sababu kwetu nyumba iliyofungwa ni ushahidi kwamba mwenyewe yuko mjini anatafuta, na hiyo ni sifa.

Ila zamani nyumba hizo zilijengwa pale mama alipokuwa anaishi. Mama alikaa ndani, shangazi alikaa ndani, mjukuu aliletwa kusoma. Kitanda hakikupoa. Mtindo huu mpya wa kumwondoa anayekaa ili ajenge asiyekaa, huu ni wa kuletwa, na umeletwa kamili pamoja na paa lake.

Halafu kuna maji. Upareni mfereji una heshima kuliko barabara. Wazee walichimba mifereji na ndiva za kutunzia maji kabla Mjerumani hajafika, na utaratibu ni ule ule: maji yana zamu, na zamu inaendana na kazi. Siku ya kusafisha mfereji kila mwenye zamu anakuja na jembe au anatuma mtu, asiyekuja anatozwa, akizoea anakatwa. Shangazi alikuwa anakwenda. Kipande kikauzwa, na zamu ikahesabika imekwenda na kipande. Sasa zamu ya shangazi inanywesha nyasi. Nyasi za bustani, Kileo, kijani kibichi kama uwanja wa mpira wa Ulaya, mita chache kutoka kwenye mahindi ya jirani yanayosubiri. Siku ya kusafisha, Kwa Barafu hakuja mtu. Mara ya kwanza wazee walinyamaza. Mara ya pili mlinzi aliambiwa apeleke ujumbe. Mtu wa mjini anaweza kuona hili ni dogo kuliko la hati. Kwa watu wa pale ni kubwa kuliko la hati.

"Acheni roho mbaya," wanaandika mashabiki. "Mnamwonea wivu kwa sababu amefanikiwa." Wivu upo, mjini haukosekani. Lakini haujawahi kupanda mahindi yakafika kifuani. Na wanaodai nyumba ivunjwe nao wametafuta kiki ya bure; ikivunjwa shangazi atapata nini, vigae? Nyumba imeshasimama. Ardhi ya ukoo ni kubwa kuliko ule uwanja, na kipande cha upande wa pili wa mfereji bado hakijauzwa kwa mtu. Halmashauri ya kijiji inaweza kukaa, kama ilivyotakiwa kukaa Machi, kikapimwa, ikatoka hati ya hakimiliki ya kimila yenye jina la mwanamke mmoja mtu mzima. Fedha ya kupima ni ndogo kuliko lile koti. Zamu ya maji irudi kwake, na Dada amwajiri mtu wa kwenda kusafisha mfereji siku ikifika. Mahindi ya msimu ule yalipwe, kwa magunia, siyo kwa khanga za Krismasi. Na kama ana ujasiri kweli wa kupiga picha, chumba cha chini chenye meko anaweza kumpa anayesikia baridi kuliko wote kwenye ukoo.

Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji mwanasheria wa Zurich. Lingehitaji safari moja, na kuanza na "shikamoo, shangazi" kabla ya simu kutoka mfukoni.

Desemba walikaa siku 9. Picha zilikuwa nzuri, meko yaliwashwa usiku mmoja wakafungua madirisha yote. Mwanzoni mwa Januari geti likafungwa. Toka hapo taa za sola za uani zinajiwasha zenyewe kila saa moja jioni, na watoto wa jirani wameshayahesabu madirisha, 14, hakuna lenye mtu. Nje ya uzio, kati ya ukuta na mfereji, kimebaki kipande chembamba ambacho mpimaji hakukitaka, upana wa hatua nne au tano. Shangazi amekilima. Kapanda maharage mistari mitatu, na kwa kuwa hana zamu anayamwagilia kwa ndoo. Wiki iliyopita yalikuwa yameanza kutoa maua.